Mkono wa Kushoto Salfa

Jumatatu, 4 Machi 1974

Sasa ni kati ya vidole pia. Upele! Mimi Katunge, msusi wa mtaa mzima wa Kabiro, ninayefukuza wateja wakaoshe vichwa kwanza. Aibu gani hii. Mchana najizuia, usiku najikuna mpaka damu.

Nimepata dawa mbili. Salfa ya mafuta, ya dukani pale kituo cha basi cha 56 — nilisema ni ya mbwa. Na ile nyeupe ya chupa, ya dispensari, ambako nilitoa jina la dada yangu. Nitazipima. Mkono wa kushoto salfa, wa kulia nyeupe. Tuone.

Jumatano, 6 Machi

Salfa inanuka mayai viza, shuka imekuwa njano, lakini haiumi. Nyeupe inachoma kama pilipili. Nililia kidogo. Ila mkono wa kulia ndio umetulia.

Nesi alisema nikinawa nipake tena, na kila ninayegusana naye atibiwe siku hiyo hiyo. Nikamwambia naishi peke yangu. Kweli, lakini uongo, kutwa nagusana na vichwa vya watu. Nanawa kabla ya kila kichwa, dawa inaenda na maji. Nitapaka tena vipi mteja ameshakaa, na harufu ile? Leo vichwa vinne.

Wagaki, binti wa mama mwenye ploti tunamopanga vyumba, anajikuna shingoni na mikononi. Namsuka kila Jumamosi tangu Krismasi.

Ijumaa, 8 Machi

Wapangaji wamesema upele wa Wagaki umeletwa na Aoko. Jirani yangu wa mlango wa pili, alihamia Januari kutoka Kibera na watoto wawili. Mwezi jana watoto walikuwa na chawa, akawapaka mafuta ya taa kichwani, ploti nzima ikanusa. Basi, kesi imekwisha. Mama Wagaki alimwambia pale mferejini, mbele yetu sote: "Ulituletea chawa, sasa ni upele. Mwisho wa mwezi utoke."

Aoko akajibu polepole kwamba chawa ni chawa na upele ni upele. Halafu akanigeukia. "Katunge, wewe ndio unasukanga watoto wangu. Waambie kama umeona upele."

Nikasema sijaangalia vizuri. Sijaangalia vizuri! Mimi ninayeona hata mba. Mwoga mkubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Aoko hakukubali. Ametaka wapangaji wote waonyeshane mikono, na Mama Wagaki amekubali. Niko ndani, mlango nimefunga, nasikia yote. Aoko ameanza yeye. Misafi. Ya watoto wake pia.

Dawa nyeupe imeshinda, mkono wa kulia umekauka. Wa kushoto bado. Nimefikiria sweta ya mikono mirefu. Nimefikiria kuumwa tumbo. Nimefikiria pia kusema.

Mama Wagaki anagonga. Kwa upole kabisa anasema mimi nisisumbuke na mambo ya mikono, mimi ananijua. Nitoke tu na kigoda nimsuke Wagaki, kesho ni kanisa. Nyuma yake Aoko anauliza kwa nini Katunge asionyeshe kama wengine. Mama Wagaki anagonga tena.

Nimesema nakuja. Bado nimekaa, naandika.