Besi Nyekundu ya Mjomba Inakoroma

Shikamoo Anti Oliva. Naomba msaada wako, na nakuomba jina langu ulifiche, ingawa kijiji chetu kizima cha Tumati msichana anayepiga besi ni mmoja, kwa hiyo ukilificha utakuwa umenifichia heshima tu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nina aibu kiasi kwamba mwalimu akiita jina langu nageuka nyuma nione kaitwa nani, ila nikishika gitaa la besi aibu inapungua, kwa sababu mpiga besi hakuna anayemwangalia, watu wanamwangalia wa solo na wa kibodi, mimi nasimama karibu na spika najifanya sehemu ya spika. Besi tuliyokuwa tunatumia kwenye kwaya ya kanisa ilikuwa ya kuazima, wenyewe wa kigango cha jirani wakaja kuichukua, ndipo tukaamua kununua yetu, na swali la kwanza kwenye kikao likawa besi zinanunuliwa wapi. Mmoja akasema madukani Arusha, mwingine akasema kwenye simu kuna watu wanauza, mwenyekiti wetu Mama Hilaria akasema popote pale, ila mtoto asitumwe peke yake, aende na mtu anayejua kununua. Na hapa kwetu anayejua kununua ni mjomba wangu Qamara, dalali wa ng'ombe, ambaye hajawahi kutoka mnadani amepigwa.

Anti, mimi nilijiandaa. Niliangalia video za Kiingereza za namna ya kuchagua besi, nikakariri: chomeka kwenye amplifaya, bonyeza kila freti, yaani vile vyuma vidogo vilivyolala shingoni, halafu sikiliza. Ndani ya basi nilikuwa nimeshamuuliza muuzaji maswali yote na alikuwa amenijibu vizuri sana, kichwani mwangu. Tulipofika dukani nikasalimia, maneno yakaniishia hapo.

Kulikuwa na besi mbili, moja ya kahawia iliyotumika, nyingine nyekundu inang'aa. Mjomba akazigeuza, akazipima uzito mkononi, akapitisha kiganja mgongoni.

"Hii ya kahawia imechoka," akasema. "Ona shingo ilivyochubuka. Hii imevishwa nira muda mrefu."

"Mzee, wapigaji wengi wanazitafuta hizo hizo zilizotumika," muuzaji akasema.

"Basi wawekee hao wapigaji."

Muuzaji akanigeukia. "Dada, mpigaji ni wewe? Chomeka basi usikie."

Sasa Anti, mimi nimekua nikimfuata mjomba mnadani, na sheria yake ni moja, mkubwa anapopatana bei mdogo hafungui mdomo, kwa sababu ukisema ng'ombe ni mzuri bei inapanda na ukisema ni mbaya mwenye ng'ombe anakasirika, kwa hiyo nikamwangalia mjomba, mjomba akaangalia dari, na mimi ambaye nimewahi kushinda mdahalo wa shule kwa Kiingereza, mada ikiwa wasichana wajiamini, nikasema, "Ni nzuri tu." Ukitoa salamu, hayo ndiyo maneno pekee niliyoyasema Arusha. Tukaondoka na nyekundu, na mjomba akaongezea hela ya fahali wake mwenyewe, maana ya kwaya haikutosha.

Besi inakoroma. Shingo imepinda, nikipiga noti za juu kidogo kila moja inatoka kama mtu mwenye mafua, na kwaya wanadhani ni mimi. Mwalimu wa kwaya ananiambia nikaze vidole, nimekaza mpaka vimeota sugu. Mama Hilaria amesema sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango chetu, ikifika bila mabadiliko, besi anapewa Renatus wa kibodi na mimi narudi kuimba sauti ya pili. Nikamjibu, "Sawa mama," kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakuisikia.

Nikisema besi ni mbovu, mjomba ataaibika, na huko minadani anajisifu kwamba sasa hata magitaa ananunua. Tena siku hizi anakuja mazoezini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, anakaa benchi la nyuma na fimbo yake, anasikiliza, anaondoka. Wiki iliyopita tukiwa njiani akaniuliza, "Hivi ile ya kuazima nayo ilikuwa inalia hivi hivi?" Nikamwambia, "Ile ilikuwa ya zamani, mjomba, hizi za kisasa zina sauti yake." Nikajipongeza kwamba nimemwokoa.

Anti, ninyamaze nipoteze besi, au niseme nimpoteze mjomba?

Mpiga Besi Mwenye Aibu, Tumati

Marahaba mwanangu. Nimecheka, halafu nimekasirika, sasa tuongee.

Kumwachia mkubwa apatane bei ni heshima, endelea nayo. Lakini muuzaji hakukuuliza bei, alikuuliza sauti. Mjomba wako alikwenda Arusha na ujuzi wake, na wewe ulitakiwa kwenda na masikio yako. Yeye alifanya kazi yake. Wewe ya kwako uliiacha ndani ya basi.

Na hilo la kumwokoa, soma tena barua yako. Mzee wa minadani, ambaye ng'ombe akichechemea anamjua kwa mlio wa kwato, anakuja kukaa benchi la nyuma, anasikiliza, halafu anakuuliza kama ile nyingine nayo ililia hivi. Mwanangu, mjomba anajua kuna kitu. Asichojua ni kama mbovu ni besi aliyoinunua au ni mkono wa mpwa wake, na wewe pekee unayeweza kumtoa wasiwasi umemjibu uongo. Hapo hujamwokoa mtu, unamtesa.

Kesho nenda nyumbani kwake na besi. Msalimie, ulizia mifugo, usiruke hatua hiyo. Kisha sema: "Mjomba, shingo imepinda, na mimi dukani niliogopa kuijaribu." Anza na kosa lako, la kwake atalitaja mwenyewe akipenda. Mpe aitazame shingo kwa urefu, jicho moja amelifumba. Kupinda ataona bila kufundishwa.

Halafu msikate tamaa. Ndani ya shingo ya besi nyingi kuna chuma kinachokazwa au kulegezwa kwa spana ndogo. Usikiguse wewe kwa ujasiri wa video, peleka kwa fundi wa magitaa. Huenda ikanyooka, habari ikaishia hapo. Isiponyooka, rudini dukani wote wawili, muombe kubadilishiwa. Muuzaji anaweza kukataa, kwa sababu alikwambia ujaribu ukakataa, kwa hiyo maneno ya kubembelezana mwachie mjomba. Ila ikifika kuchagua, chomeka wewe, bonyeza freti zote, hata kama duka zima linakutazama.

Na kwa wengine mnaoniuliza besi inunuliwe wapi: dukani ni pazuri, kwa mpigaji anayebadilisha chombo ni pazuri, hata kwenye simu ni pazuri kama utaishika kabla hujatuma hela. Pabaya ni popote unapoona haya kusema "naomba nijaribu."

Ukitoka kwa mjomba, nenda kwa mwalimu wa kwaya kabla ya mazoezi. Mwombe amwambie Renatus apige kipande kile kile, kwa besi ile ile. Ikikoroma na kwake, Mama Hilaria hatahitaji maelezo mengine. Usisubiri siku ya sikukuu Renatus aumbuke mbele ya wageni, huku wewe umejificha kwenye sauti ya pili unafurahi. Usinikatalie, najua umeshaliwaza.

Lakini kwa mjomba kwanza. Habari hii asiisikie kanisani.