Chumba cha Watoto Chuoni

Mpendwa dada Paulina,

Habari za Mtera, na shemeji hajambo? Huku Dodoma ni vumbi na mitihani.

Jana alikuja Daktari Anastazia, aliyesoma hapa zamani. Amekijengea chuo chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi. Wenzangu walicheka, wakasema bora angeleta kompyuta. Mimi nilitaka kujua sababu, nikamfuata.

"Shikamoo. Kwa nini chumba cha watoto?"

"Marahaba. Nilijifungua nikiwa mwaka wa pili. Nilipofanya mtihani, wenzangu walimbembeleza mwanangu nje ya dirisha."

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe unatarajia kujifungua lini?"

Dada, nilimjibu. Wewe ni wa pili kujua. Mwambie mama taratibu, na umhakikishie kwamba siachi chuo.

Mdogo wako,
Debora