Samaki wa Pamoja, Kisangani

Dada Furaha,

Joto la huku lingekuchekesha. Naandika jasho likidondoka kwenye kadi. Ofisi niliyoletwa kuongoza ilikuwa kimya. Kila mtu alikula peke yake, na kwa kila mpango wangu, hata wa kufunga duka letu la ng’ambo ya mto, walijibu “Oui, chef,” ndiyo mkuu, basi. Nikamkumbuka papa, baba yetu, alivyokuwa akila sahani moja na wapakiaji wake nyuma ya bohari, wakibishana kwa sauti. Jana nikanunua liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, nikawaita wote. Katikati ya kula, Mama Béa, karani wetu, akasema, “Chef, usifunge duka ya Lubunga. Batu wa kule wavuke mto juu ya kununua sabuni tu?”

Nikajibu, “Basi, halifungwi.”

Kelele walizopiga! Natamani papa angezisikia. Leo wameleta wenyewe kwanga, ile mikate ya muhogo, tule pamoja.

Unibusie mama.

Mdogo wako,
Justin