Wifi na Simuleta Yake

Jumatatu, 3 Juni

Wifi yangu ameajiriwa. Kwetu! Idara ile ile, chumba kile kile cha seva ninachokihangaikia mwaka wa nane sasa. Mimi fundi wa kebo. Yeye mhandisi wa mtandao. Huyu huyu mdogo wa mume wangu, aliyekuwa akiniazima chaja na kusahau kurudisha.

Na tangazo la kazi nililileta nyumbani mimi mwenyewe. Nimejipalia makaa.

Hajawahi kushika swichi ya kweli hata moja, kile kisanduku cha matundu kinachogawa mtandao. Amejifunzia kwenye meza ya sebuleni kwangu, miezi kumi na moja, kwa simuleta — programu inayoigiza mitambo yote ndani ya laptop. Unaweka swichi kwa kubofya, unavuta kebo kwa kubofya, mtandao unatembea. Nilikuwa nauita mchezo wa watoto. Bosi anauita kipaji.

Wenzangu wamecheka mpaka basi. Ati ofisi sasa ina wifi mbili, ya hewani na ya ukoo. Nikacheka nao. Meno tu.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimemwingiza ndani mara ya kwanza. Kaja na kiblauzi chepesi, na mle ndani baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Feni zilivyonguruma akaziba masikio. Akauliza mbona kwenye laptop yake hakuna kelele hizi. Nikamwambia kwenye laptop yako hakuna hata vumbi.

Halafu akachomoa faiba — akaipuliza kwa mdomo! Kama anapoza chai! Ile ni njia ya mwanga, nyembamba kuliko unywele, halafu mtu anaitia mate. Nilipaswa kumzuia. Sikumzuia. Nikamwacha achomeke, achomoe, ahangaike nusu saa, taa haiwaki. Ndipo nikaja na kikalamu changu cha kusafishia. Mbofyo mmoja, taa kijani.

Akasema, asante wifi, unifundishe. Kwa moyo mweupe kabisa.

Nimerudi nyumbani naimba.

Ijumaa, 7 Juni

Siimbi tena.

Kikaoni bosi kauliza: moja ya zile swichi kuu mbili za zamani ikifa, itakuwaje? Mimi nimezifuta vumbi miaka minane, nikajifanya naandika. Yeye akafungua laptop. Mtandao wetu wote umo, kaujenga kutoka kwenye mchoro wa ofisi. Akaua swichi moja mbele yetu, data ikahamia njia nyingine. Akaiongezea mzigo, tukaona inapokwama. Akabadilisha mistari mitatu ya amri, pakazibuka.

"Nimeiua mara arobaini wiki hii," akasema, "na hakuna mteja aliyelia."

Wakapiga makofi. Mimi pia. Viganja viliniwasha.

Usiku mezani mume wangu: dada yangu ana kichwa, eh? Nikamjibu kwa kubamiza sufuria. Akahama na sahani yake.

Jumapili, 9 Juni

Nimefanya jambo la aibu. Wote walipotoka nimeipakua ile simuleta. Nikasema nione upuuzi wenyewe.

Saa nne nzima sikunyanyuka! Nimeunganisha kebo zikazunguka duara, mtandao ukajisonga wenyewe, nikaelewa — leo, baada ya miaka minane! — kwa nini msimamizi wetu wa zamani aliwahi kunifokea nilipochomeka kebo ovyo. Nimeharibu, nikafuta, nikaharibu tena. Nani angeniruhusu kuharibu kazini? Pale ukikosea mara moja unaandikiwa barua ya onyo.

Kwa hiyo ni nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeweza kuanza siku ile ile aliyoanza yeye, meza ni yangu!

Ila kuna kitu kimoja. Mle ndani kila lebo inasema kweli.

Jumanne, 11 Juni

Mpango umetoka. Jumamosi asubuhi tunazima swichi kuu ya kwanza, tubaki na ya pili mpaka mpya zifungwe. Wifi kajaribu kwenye simuleta mara tatu, haikukatika hata sekunde.

Nimekwenda kwenye kabati la saba, peke yangu. Seva za hospitali, mteja wetu mkubwa, ziko pale, mafaili ya wagonjwa wote. Zina kebo mbili. Lebo zinasema moja inakwenda swichi ya kwanza, nyingine ya pili. Uongo. Zote mbili zinakwenda ya kwanza. Miaka miwili iliyopita tundu la swichi ya pili liliungua, nikaihamisha kebo kwa muda, nikasema lebo nitabadilisha kesho. Kesho haikufika. Mchoro wa ofisi ulinakiliwa kutoka kwenye lebo zangu, na simuleta yake imenakiliwa kutoka kwenye mchoro.

Jumamosi akizima, hospitali inabaki gizani. Na aliyezima ni yeye.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Juni

Kanifuata nakunywa chai. Kavaa koti langu la akiba, nilisahau kwamba nilimpa.

"Wifi, niambie kweli. Kuna kitu mle ndani hakipo kwenye mchoro?"

Nikasema, mhandisi ni wewe.

"Ndiyo maana nauliza. Mimi nimejifunza kwenye skrini. Wewe umejifunza mle. Naogopa."

Mdomo ulifunguka. Naapa ulifunguka. Halafu bosi akapita, akampigapiga begani, akamwita nyota yetu — ukajifunga.

"Kila kitu kiko sawa," nikasema.

Jumamosi, 15 Juni

Saa tatu na robo asubuhi. Naandika chooni ghorofa ya pili, daftari juu ya goti.

Nilikuwa nyuma ya kabati la saba, simu sikioni, macho kwenye zile kebo mbili. Yeye chumba cha pili na bosi, tayari kuzima kwa laptop, spika ya simu imewashwa. Akahesabu: tatu, mbili — akasimama. Akasema, wifi, wewe ndiye uliye ndani, nazima ukisema nizime.

Nikasema usizime! Nikayatapika yote, kebo, lebo, tundu lililoungua. Nikaihamishia kebo moja kwenye tundu zima la swichi ya pili. Hospitali haikukatika. Hakuna aliyejua kitu huko nje.

Bosi alikuja mwenyewe. "Tangu lini unajua?"

Na kabla sijapumua, wifi nyuma yake: "Alinieleza Alhamisi. Mimi nilisahau kuiandika kwenye mpango."

Uongo mtupu! Wiki ya pili kazini, bado yuko kwenye majaribio, na anajitwika kosa langu. Hakunitazama hata. Bosi kageuka kwangu: ni kweli? Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni kama mtoto wa shule.

Nikisema ndiyo, barua anaandikiwa yeye. Nikisema hapana, ni mimi, na nyumbani watasikia nilitaka kumfanyia nini. Nilipaswa kushukuru, mtu mwingine angeshukuru. Mimi najiuliza tu: huu wema nao kaujifunzia wapi, mbona unamtoka upesi hivyo, mbona mimi —

Anagonga mlango. "Wifi? Bosi anasubiri. Wifi, uko sawa?"