Ule Ukimya Wako wa Oldenburg

Oldenburg, Jumatatu

Mdogo wangu mpenzi Eckhart,

Pokea salamu za dada yako. Mimi ni mzima, ukiondoa hili goti, na goti unalijua tangu zamani kwa hiyo si habari. Wasiwasi wangu uko kwenu Hamburg. Kikohozi kimekuachia? Mkeo Birgit bado anakunyima siagi? Mwambie namuunga mkono.

Barua yako niliipata Alhamisi, pamoja na ile bahasha uliyoniomba nimkabidhi mkononi Bibi Ahlers, mkuu wa jumba letu la maigizo. Nimeelewa kwamba unaikataa nafasi ya kuigiza yule babu katika mchezo wao mpya. Umeniandikia kuwa miaka thelathini ya televisheni imekuharibu, kwamba Inspekta Hollmann unayemwigiza husoma maneno yake kwenye vikaratasi vilivyobandikwa nyuma ya vikombe, na akikosea wanarudia tu. Jukwaani hakuna kurudia. Unaogopa maneno yatakutoka mbele ya watu mia tano wa mji uliokuzaa, na jina ulilolijenga tangu ule ukimya wako lizikwe papo hapo.

Basi ngoja tuuzungumze huo ukimya.

Mwaka 1979 wewe ulikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, umepewa nafasi ya askari anayerudi kutoka vitani kwa sababu tu Dettmer, mwigizaji wetu mkuu, alivunjika mguu. Mimi mnong'onezaji, kazi yangu kuwakumbusha waigizaji maneno wanayoyasahau, nilikuwa kwenye kisanduku changu chini ya ukingo wa jukwaa, kitabu cha mchezo mapajani. Kabla ya pazia nilikutemea mate matatu ya bahati juu ya bega la kushoto, nawe kwa ushamba wako ukajibu asante. Wenzako wakakurukia kama nyuki: "Wee! Asante haisemwi hapa, utatuletea mkosi!" Mshona mavazi alinuna wiki nzima.

Kwenye mchezo ukaingia jikoni kwenu, ukakuta kiti cha mama yako hakipo. Ulitakiwa kuuliza ni nani aliyekihamisha. Hukuuliza. Ulisimama tu, na ukimya ukarefuka hata nikamsikia mtu wa safu ya mbele akimeza mate. Kisha ukauliza, kwa sauti ndogo mno, na jumba zima likalia.

Gazeti liliandika kwamba amepatikana kijana anayejua kunyamaza. Haukupita mwezi, watu wa sinema wakaja kutoka Munich. Filamu ya kwanza, ya pili, ya tano, wote walikuomba kitu kimoja: tupe ule ukimya. Hata Hollmann hamfungi mtu pingu bila kunyamaza kwanza. Jirani yangu Jumapili humtazama akihesabu sekunde huku mdomo umejaa mkate. Nawe kwenye mahojiano huwaeleza watu jinsi ulivyoupanga. Baada ya onyesho lile ulinikumbatia kantini mbele ya wote, ukasema, "Mnong'onezaji mwingine angenivurugia. Dada yangu alijua!" Nikacheka, nikajibu kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Eckhart, nilidanganya. Kazi yetu ina sheria moja: macho kitabuni. Anayetaka kutazama mchezo akate tiketi. Niliishika sheria hiyo miaka thelathini na minne, isipokuwa mara moja. Ulipoingia jikoni ulisimama vile vile alivyokuwa akisimama baba mlangoni, nami nikainua kichwa. Nilisahau kwamba niko kazini. Ulikuwa mzuri mno, mdogo wangu, nikakutazama mpaka machozi yakanitoka. Uliponigeukia macho yakinisihi, nilijua maneno yamekutoka. Nikashuka kitabuni, na sikujua tuko ukurasa gani. Nilikuwa bado napekua kurasa pale ulipoyapata mwenyewe.

Sikukunyamazia kwa ujuzi. Nilikuacha peke yako, na kwa hilo naomba unisamehe. Nawe hukupanga lolote, nimelijua hilo siku zote. Miaka arobaini na mitano tumesitiriana kwa heshima kubwa, kila mmoja akichelea kumwaibisha mwenzake. Kwa hiyo jambo unaloliogopa lilikwisha kukukuta, tena hapa hapa, na likakupa maisha.

Bahasha sijaipeleka. Iko ndani ya kopo la biskuti. Leo nilimwendea Bibi Ahlers mikono mitupu. Alipouliza umesemaje, nikamwambia bado unasoma kitabu cha mchezo. Nikamwomba kisanduku changu kifunguliwe tena. Akashangaa: "Bi Roswitha, una miaka sabini na mitano, na goti hilo!" Nikamjibu kwamba goti halisomi. Akacheka, akaagiza kifagiwe. Lakini maisha ni yako. Ukiendelea kukataa, nipigie simu kabla ya Ijumaa, nami nitaipeleka bahasha bila kinyongo wala neno. Ukikubali, njoo na njaa, kwani kabichi ya majira ya baridi imeshakomaa na soseji ninazo.

Msalimie Birgit sana. Nakutemea mate matatu juu ya bega la kushoto, na safari hii ufunge mdomo, usije ukanishukuru.

Nitakuwa chini pale, kidole kwenye mstari. Kidole nakuahidi hakitatoka. Macho siahidi.

Dada yako akupendaye,
Roswitha