Sahihi ya Mzazi

Unyambwa, Singida
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesimama hapa kwenye mstari huu nasubiri marahaba, maana najua hata ukiwa na hasira salamu ya mtoto huiachi chini. Haya, asante. Sasa mwambie Mama shikamoo yake ni hii hapa, na umsomee barua yote kwa sauti bila kuruka. Kusoma hajui lakini kusikiliza anajua, na ukiruka mstari atakugundua kwa jinsi unavyokohoa.

Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe, kile kifua cha vumbi la kupeta alizeti kimetulia? Sisi huku wazima. Tabita ametimiza mwaka na miezi miwili na ameanza kutembea, anayumba kama mtu aliyekunywa togwa ya juzi. Akianguka halii. Anakaa hapo hapo chini, anaangalia ni nani aliyemwona. Hiyo tabia sijui kairithi kwa nani, ila wewe na Mama mnaweza kuangaliana.

Nimekupigia simu mara nne, zote umekata. Ndiyo maana nimeandika. Barua haikatwi, Baba. Kuchana unaweza, lakini ukiichana Mama atauliza ilikuwa inasema nini, na utalazimika kumweleza. Bora uisome tu.

Habari yenyewe ni ile ile tuliyogombania kabla sijaondoka nyumbani, chuo. Ulisema mbele ya watu waliokuja kupura mtama, na wote walisikia: "Nafasi ulipewa ukaichezea. Sasa wewe ni mzazi. Mzazi hasomi, mzazi analea." Sikukujibu siku ile, nilikuwa na ungo mkononi na mtoto mgongoni. Jibu langu ni barua hii. Sikuja Unyambwa kutangatanga. Nilikuja kutafuta nafasi kwenye chuo cha wananchi, na chuo hicho hakikatai mtu kwa kuwa ameishia kidato cha pili. Wenye watoto tunaenda nao, kuna chumba cha kuwalelea wakati mama zao wako darasani. Mimi nimeomba umeme wa majumbani. Najua hapo umecheka. Cheka, halafu uende ukabonyeze swichi ya chumbani kwako uone kama taa ya jikoni haijawaka. Yule fundi uliyemleta alikuwa mwanaume mwenye ndevu, na taa zenu anazijua yeye mwenyewe.

Sasa nikueleze mambo ya kujiunga yalivyokuwa, usije ukafikiri mtu anaingia kama anavyoingia mnadani.

Ukichukua fomu wanakupa na karatasi ya maelekezo, imejaa mbele na nyuma. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha darasa la saba. Picha nne, nyuma yake bluu. Barua ya serikali ya mtaa. Fomu ya daktari. Ndoo, godoro, shuka mbili, ufagio wa mti, jembe lenye mpini. Nilipofika kwenye jembe nilicheka peke yangu. Yaani nimekimbia shamba, shamba limenitangulia kwenye orodha.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kwenye sanduku lako, hilo unalijua, na ufunguo unalala nao. Kimenifikia ndani ya kiroba cha unga wa uwele. Usimuulize mtu, kiroba hakina mdomo. Picha nilipiga mjini, mpiga picha akaniambia nisinune, nikamwambia huu ndio uso wangu wa kazi. Mwenyekiti wa mtaa aliniandikia barua siku hiyo hiyo, alikuwa anataka kwenda msibani. Kwa daktari nesi aliuliza, "Una mimba?" Nikamwambia, "Sina, nina mtoto, huyu hapa anakuvuta soksi." Akaandika.

Basi kikabaki kitu kimoja. Chini kabisa ya fomu kuna mstari mmoja mtupu, na chini yake pameandikwa: Sahihi ya mzazi au mlezi.

Nilienda hivyo hivyo, nikidhani hawataona. Mwalimu wa usajili ni mzee wa miwani, anasoma karatasi kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Alipita juu yote vizuri, alipofika chini akasimama.

"Sahihi ya mzazi iko wapi?"

"Bado, mwalimu."

"Bado ya nini? Fomu umekaa nayo wiki tatu."

"Baba hajakubali."

"Basi mwambie akubali."

"Mwalimu, humjui baba yangu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanirudishia fomu akasema, "Fomu isiyo na sahihi ni ya kufungia karanga. Jumatatu saa nne tunafunga orodha. Usipoileta imekamilika, nafasi yako anapewa wa akiba." Na wa akiba alikuwa kasimama pale pale nyuma yangu, msichana mmoja ananiangalia kama fisi anavyoangalia mbuzi anayechechemea. Simlaumu.

Hizo simu nne unazoziona ni za wiki ile. Nilikuwa naomba sahihi tu, siombi kitu kingine.

Sasa nitakwambia na la aibu, kwa sababu nataka barua hii iwe ya kweli. Mwenye nyumba wangu, Mama Hadija, ana duka la vitenge sokoni. Mimi namfulia na kumpikia, naye amenipa chumba cha uani. Aliponiona nimejiinamia kwenye beseni alisema, "Lete hapa mwanangu, mimi si mama yako wa mjini? Natia sahihi ya mlezi, yaishe." Kalamu alikuwa nayo tayari sikioni. Nikamshukuru nikakataa. Akakasirika kidogo: "Hawa Wanyiramba jamani, mtu anazama anachagua kamba!" Lakini nilijiambia, ninao wazazi wawili wazima, siwezi kuingia chuoni na mlezi wa kuazima kama sufuria ya harusi.

Na kuna jingine. Sahihi yako naijua, Baba. Ile M yenye mkia unaopinda juu kama wa mbuzi dume. Niliijaribu kwenye karatasi ya sukari mara sita, ya sita ungeapa ni yako. Na ripoti yangu ya kidato cha kwanza, ile uliyosema hukumbuki kuiona, kweli hukuiona. Samahani kwa hiyo. Safari hii karatasi ya sukari niliichoma jikoni. Sitaki siku moja useme nilisoma kwa kukuibia jina.

Jumamosi nikawa nafua mashuka ya Mama Hadija, Tabita yuko mgongoni, na lile neno linazunguka kichwani. Mzazi. Nikakumbuka pale hospitali Kiomboi nilipojifungua. Asubuhi nesi aliingia wodini akasema, "Wazazi, amkeni, leteni watoto wapimwe." Mimi nikageuka kuangalia mlangoni. Nilidhani wazazi ni ninyi mmefika, wewe na Mama. Mwenzangu wa kitanda cha pili akanigusa bega: "Dada, anakuita wewe." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hilo neno sikulitafuta, lakini lilikuwa limeshanikalia.

Na wewe ulikuja mchana ule. Hukuingia. Ulisimama nje ya dirisha umevua kofia, ukaangalia, ukaondoka, na Mama akaingia na kuku uliyemkamata kwa mkono wako. Yule jogoo mwekundu uliyekuwa unamkatalia hata mchungaji. Supu yake nilikunywa mpaka mwisho. Sijawahi kukwambia kwamba nilikuona dirishani. Leo nimekwambia.

Basi nikafuta mikono, nikachukua fomu, nikaandika kwenye ule mstari jina langu, Naomi Msengi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, usio na mkia.

Jumatatu saa tatu nilikuwa wa kwanza. Mwalimu wa usajili akashuka mpaka chini, akasimama.

"Hii sahihi ya nani?"

"Ya mzazi."

"Mzazi gani?"

"Huyu unayeongea naye."

"Binti, usinichezee. Wewe ni mwanafunzi."

"Ni vyote viwili, mwalimu. Nimebeba vyote viwili, na kimoja kinataka kukojoa."

Nyuma huko mama mmoja mwenye mapacha akapaza sauti: "Mwalimu, mtoto anamvuta ziwa hapo mbele yako, unataka ushahidi gani tena, picha ya pasipoti?" Watu wakacheka. Yule msichana wa akiba naye alicheka, akaziba mdomo. Mwalimu akasema sheria ni sheria. Nikamwambia nami nataka anionyeshe hiyo sheria. Sikutoka pale mbele ya meza, Baba. Nilisema, "Nimeamka saa kumi nimepika uji, nimefua, nimembeba huyu kwa miguu mpaka hapa, na kila karatasi mliyotaka nimeleta. Mimi sirudi na fomu hii. Mkitaka itupeni nyinyi."

Kelele zikamtoa mkuu wa chuo ofisini. Ni mama mnene mwenye sauti ndogo, inabidi wote mnyamaze ndiyo mumsikie. Akachukua fomu, akaisoma yote, akauliza, "Una miaka mingapi?" Nikasema ishirini. Akamgeukia mwalimu: "Hapa pameandikwa sahihi ya mzazi au mlezi. Mzazi wa nani?" Mwalimu akavua miwani, akaiangalia fomu bila miwani, akaivaa tena. "Haijasema," akajibu. "Basi," mkuu akasema, "mtu mzima amejidhamini mwenyewe, na mzazi kweli ni mzazi. Gonga muhuri."

Ukagongwa. Mlio wake mpaka leo uko masikioni mwangu. Nimeingia, Baba. Kesho naanza. Na wa akiba naye alipata, kuna mtu hakutokea, atalala kitanda cha juu yangu.

Kwa hiyo ujue kwamba barua hii haiombi ruhusa. Nimeshaingia. Unaweza kukaa na hasira zako mpaka msimu wa kulima, mimi sitoki. Uliposema mzazi hasomi nilikusikia vizuri, na kwa heshima yote naona ulikosea. Huyu mtoto ndiye anayeniamsha. Nisingekuwa naye labda ningekubali kukaa nichekwe. Kwa ajili yake sikubali.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole.

Muhuri ulipogongwa, mkuu alinipa fomu nyingine, ya Tabita, ya chumba cha watoto. Chanjo, chakula anachokula, kama ana pumu. Akaniuliza, "Akiugua mtoto?" Nikasema nitakuwepo, darasa liko ng'ambo ya ua. Akauliza tena, kwa ile sauti yake ndogo, "Na ukiugua wewe? Ni nani tutampigia aje kumchukua?"

Baba, nilikuwa nimejibu kila kitu asubuhi ile, mpaka nilimjibu mwalimu yule wa miwani. Hapo niliigeuza fomu mbele na nyuma mpaka Tabita akaanza kunipiga mgongoni ananiamsha. Halafu mkono wangu ukaandika namba wenyewe. Ni namba yako, naijua kwa kichwa. Pembeni palikuwa na nafasi ya kujaza jina, nikajaza lako. Mbele yake pameandikwa: Uhusiano. Nikaandika: Mzazi.

Kwa hilo sikukuomba ruhusa, na ndilo pekee ninalokuomba sasa. Ya kwangu ikiita unaweza kukata, nimeshazoea. Lakini ikiita namba usiyoijua, kutoka huku Singida, mchana au wakati wowote, tafadhali Baba usiikate.

Mama, hapo najua Baba ameanza kukohoa. Mpe maji ya kunywa. Nakushukuru kwa yote, na unga wa uwele ulikuwa mtamu kuliko unga wowote. Likizo nikija nitakuja na bisibisi, tuanze na ile swichi.

Nisalimieni Bibi mzaa baba, mwambieni kitukuu chake kinakula mlenda mpaka kinalamba bakuli. Nisalimieni Shangazi wa dukani, dada mkubwa na shemeji yangu, na mjomba anayechunga ng'ombe za watu. Wale waliokuja kupura mtama wasalimieni pia, na mkiweza muwasomee kidogo.

Barua nampa kondakta wa basi la Kiomboi, ataiacha kwa Shangazi.

Ni mimi mtoto wenu,
Naomi,
mzazi wa Tabita