Handaki la Gikomero

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimelipata! Matako yanauma, goti la kushoto limevimba, lakini nimelipata.

Nianze mwanzo. Klabu yetu ya baiskeli hapa Kimironko, Kigali, ina watu kumi na mmoja, na mimi ndiye wa mwisho kufika kila mahali. Wiki iliyopita Cyusa – kijana wa benki, ananyoa miguu ili upepo usimzuie – alipendekeza tufungue njia mpya ya mbio. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema tuwe na njia moja ya taratibu, ya mashambani, inayopita mahali palipopiganwa vita vya Wajerumani na Wabelgiji, 1916. Trinah, mwenyekiti wetu, akauliza mahali hapo ni wapi. Nikasema napajua.

Sikupajua. Mdomo uliponza kichwa.

Kwa hiyo leo asubuhi nimetoka peke yangu, Bumbogo hadi Gikomero, barabara ya udongo, nikiuliza kila mwenye mvi. Hakuna kitu. Mmoja akanionyesha shule. Ndipo nikasimama kuomba maji kwa mukecuru mmoja, bibi kizee, jina lake Gahongayire, mjane, nyumba yake iko mgongoni mwa kilima. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba – shimo. Mstatili. Kina cha kiuno, urefu wa mtu na nusu, kuta zimenyooka. Pembeni kuna mfereji mwembamba unaoingia ndani yake. Na ukisimama pale unaliona bonde zima!

Nikamuuliza ni la tangu lini. Akasema la baba mkwe wake, la zamani sana, la enzi za wazungu. Ningetaka ushahidi gani tena? Nikaomba kuleta wenzangu. Akasema waje tu, mgeni hafukuzwi.

Nimeokota na kipande cha chuma chenye kutu. Naamini ni cha bunduki.

Jumatatu, 19 Mei

Mke wangu, Mama Ihirwe, amekitazama chuma changu. Kasema ni shingo ya jembe. Akauliza kama nimekula.

Nimekiweka juu ya kabati hivyo hivyo.

Jumapili, 25 Mei

Siku ya siku. Siwezi kuketi sawasawa lakini nitaandika.

Tulikuwa tisa. Njiani kuna makaburi ya kumbukumbu, yale ya mauaji ya mwaka tunaoujua sote. Pale tulishuka, tukasukuma baiskeli kimya, hakuna aliyeeleza kitu wala kuhitaji kuelezwa. Yale hayataniwi. Vita vyangu vya 1916 havina anayevililia tena, ndiyo maana navipenda.

Cyusa alifika kilimani nusu saa kabla yangu. Nilifika nikisukuma, ulimi nje. Nikanywa maji, nikasimama ukingoni mwa shimo, nikaanza.

Sasa, shajara, wewe unanijua. Miaka kumi na tisa nilifundisha historia Remera, na miaka kumi na tisa watoto walichora magari nyuma ya madaftari. Kisha wakapunguza walimu. Sasa nauza rangi za nyumba Gisimenti, na watu huniuliza tu kama inakauka haraka. Leo watu wanane wazima walinisikiliza. Walisikiliza! Nikaeleza Wabelgiji walivyoshuka kutoka upande wa Kongo, Wajerumani wakauacha mji wa Kigali. Hayo ni kweli. Kisha nikaona macho yao, nikaongeza askari sita waliobaki hapa siku tatu, mvua ikiwanyeshea. Hao sita sijui nimewatoa wapi. Mfereji nikasema ni wa kutolea maji.

Cyusa akauliza, "Mwarimu, na baridi hii, walikuwa nalala humu humu?" Cyusa! Nikasema humu humu.

Trinah – alilelewa Kampala, hana mambo ya nusunusu – akasema, "Teacher, hii iko kitu kubwa. Tupige kimya dakika moja." Tukainamisha vichwa. Kuku akapita. Mukecuru naye mlangoni kwake akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba.

Kurudi nilishuka kilima bila kushika breki. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumamosi, 31 Mei

Umuganda. Trinah aliomba ruhusa kwa viongozi wa huku, tukafanya kazi yetu ya pamoja ya mwezi Gikomero badala ya kwetu. Tumelisafisha handaki. Majembe saba, mabeleshi mawili. Tumelirudishia kina chake cha asili, ingawa kina cha asili nilikikadiria mimi. Cyusa alizinyoosha kuta kwa kamba. Mfereji tumeuzibua.

Mukecuru alifurahi kupita kiasi. Alituletea maharage na viazi, akatushika mikono mmoja mmoja. Akasema tangu mumewe afe hajapata watu wa kumsaidia hivi. Nikaona ajabu kidogo, lakini shukrani ni shukrani.

Jumanne, 3 Juni

Ujumbe wa Trinah kwenye kundi, wenye vipaza sauti vitano vya picha. Jumapili anakuja mgeni, Leila, kutoka Tanga. Kazi yake ni kuchora ramani za njia za baiskeli kwa watalii, nchi zote hizi. Akiridhika, njia yetu inaingia kwenye ramani na handaki linapata kibao. Na mimi ndiye mwelezaji wake. Kila mwezi. Watu waje kutoka nje kunisikiliza mimi!

Trinah ameshachapisha tishati: HANDAKI 1916. Yangu nyuma imeandikwa MWALIMU.

Mama Ihirwe ameipiga pasi. Kwake hiyo ni pongezi.

Alhamisi, 5 Juni

Mungu wangu.

Niliomba ruhusa dukani, nikasema jino, nikaenda kujipanga kabla ya mgeni. Nikamkuta mukecuru na majirani wawili ndani ya handaki. Wametandika majani ya mgomba chini na ukutani, wanapanga mikungu ya ndizi mbichi. Nikapiga kelele kwamba hapo ni mahali pa kihistoria. Wakanitazama. Mukecuru akauliza historia ya nani.

Shimo ni urwina. La kuivishia ndizi za pombe. Unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, unawasha moto pembeni, joto linaingia kwa ule mfereji. Ule mfereji! Siku chache zinaiva zote kwa pamoja, unazikamua, unapata urwagwa. Baba mkwe wake alikuwa mpika pombe hodari, alilichimba enzi za wazungu, ndiyo – kwa sababu harusi zilikuwa nyingi.

Mimi nilikulia Karagwe. Kwetu ndizi ziliiva juu ya kichanja jikoni. Pombe yenyewe nimeinywa tangu nimeota ndevu, ila sikuwahi kuuliza hapa wanaziivisha wapi. Mwalimu wa historia!

Nikamuuliza, na siku ile tulipoinamisha vichwa? Akasema alidhani tunaziombea ndizi. Akasema watu wa Kigali wana dini sana siku hizi.

Nimemwomba asitoboe siri. Akacheka mpaka akaketi. Akasema, "Sitasema, mwana wanjye. Uongo pia sitasema. Wakiniuliza nitawaleta kwako." Nikamwomba basi azitoe ndizi, walau mpaka Jumatatu. Hapo hakucheka. Kasema mjukuu wake anatolewa mahari mwezi huu, na ndizi hazimsubiri mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwandikia Trinah: "Kuhusu handaki, kuna jambo." Nikafuta. Nikaandika: "Wataalamu wanatofautiana." Nikafuta. Yeye akatuma picha: kibao cha mbao cha majaribio, maandishi meupe. *Hapa askari sita.*

Nimemwambia Mama Ihirwe yote. Alicheka mpaka akaegemea friji. Kisha akanitazama, akaacha. Akasema, "Papa Ihirwe, waambie tu." Nikasema nitawaambia. Nilipolala niligundua kwamba sitaki. Nikiwaambia, narudi kuwa muuza rangi.

Jumapili, 8 Juni. Gikomero, saa nne na nusu asubuhi, chini ya mgomba

Naandika hapa hapa. Nitaeleza kwa nini.

Tumefika. Watu kumi na wanane, maana wenzetu wameleta na marafiki, tishati kumi na nane, na Leila. Mwanamke mpole, ushungi chini ya helmeti, amepanda vile vilima bila kuhema. Nilipanga kumwita Trinah pembeni kabla ya kufika, lakini Trinah alikuwa mbele muda wote na mimi nyuma muda wote, kama kawaida.

Handaki limefunikwa. Kichuguu kizuri cha udongo, majani yanachungulia pembeni, na kutoka mdomo wa mfereji unatoka moshi, mwembamba, wa bluu. Harufu tamu imeenea kilima kizima. Trinah alidhani mtu amechoma takataka, akaanza kukasirika. Cyusa akanusa, akanusa tena.

Leila akauliza kwa adabu za kwao: "Mwalimu, samahani sana, handaki mbona lafuka moshi?"

Mukecuru alikuwa amekuja na kibuyu cha urwagwa na mirija. Trinah akamgeukia yeye kwanza. Mukecuru akasema yeye historia haijui, aulizwe mwenyewe. Akanitazama, akasubiri. Ameahidi na ametimiza, siwezi kumlaumu.

Wote wakanigeukia. Nikasema ngojeni niangalie daftari.

Ndilo hili. Wanadhani napitia notisi. Wameketi kwenye nyasi kunisubiri, hakuna anayenong'ona, hakuna anayeshika simu. Nikiandika neno, Leila anaitikia kwa kichwa.

Najua la kusema. "Ni shimo la ndizi, nilikosea, nisameheni." Maneno sita, nimeyahesabu. Tatizo ni jingine. Nikisema ule moshi ni desturi ya kuwakumbuka askari sita, inayofanywa na mjane huyu kila mwezi Juni – wataamini. Nimewatazama usoni mmoja mmoja. Wataamini wote.

Cyusa amemwinamia Leila. Anasema taratibu lakini namsikia: huyu mzee iko tofauti, hawezi kukuambia kitu kabla hajahakikisha.

Nimefika mwisho wa ukurasa. Nageuza, kana kwamba jibu limeandikwa upande wa pili.